Mgeni wa Heshima Ni Yupi?

Hivi majuzi nilialikwa katika mkutano wa chama cha wanafunzi cha kuhudumia jamii, karibu na Lugulu. Mgeni wa heshima alichelewa saa mbili, akahutubu juu ya uongozi, akaenda zake. Muda wote huo mzee mmoja alituburudisha kwa litungu, wala hakuna aliyempa nafasi ya kusema neno. Nilipomwendea, alinisimulia habari za vita vya Chetambe vya mwaka 1895, Wabukusu walipopambana na jeshi la Mwingereza Hobley, kama alivyozipokea kwa babu yake. Kilima chenyewe ki jirani! Wanafunzi walikuwa wamekwisha kutawanyika. Walimu wenzangu, muhula ujao mwalikeni huyo. Nauli yake ni ya bodaboda tu.