Ulinzi Imara katika Mchezo wa Sataranji

Katika mchezo wa sataranji, mwenye kete nyeupe ndiye anayetangulia, na kwa hiyo huwa wa kwanza kupata nafasi ya kushambulia. Mwenye kete nyeusi hana budi kutafuta ulinzi wa kuizima hatari hiyo. Mmojawapo ni Ulinzi wa Berlin, unaojulikana tangu karne ya 19.

Miraba ya ubao hutajwa kwa herufi a hadi h na tarakimu 1 hadi 8. Mweupe hutajwa kwanza, Mweusi baadaye:

1. Askari e4, askari e5.
2. Farasi f3, farasi c6.
3. Askofu b5, farasi f6.
4. Mfalme g1 na ngome f1, kwa hatua moja. Farasi amla askari wa e4.
5. Askari d4, farasi d6.
6. Askofu amla farasi wa c6. Askari wa d7 amla askofu.
7. Askari wa d4 amla askari wa e5, farasi f5.
8. Malkia amla malkia wa d8. Mfalme amla malkia.

Kwa mtazamo wa kwanza Mweusi ameharibikiwa. Mfalme wake yu wazi katikati, na askari wake wawili wamepangana katika safu moja ya c. Upande wa mfalme, Mweupe ana askari wanne dhidi ya watatu. Kama kete nyingine zote zingeondolewa, wakabaki wafalme na askari tu, kwa kawaida Mweupe angeshinda.

Hata hivyo, ubao una mengine. Malkia, ambaye ndiye silaha kuu ya shambulio, hayupo tena. Mfalme aliye wazi hana mtu wa kumwogopa sana. Mweusi anao maaskofu wawili, ilhali Mweupe amebakiwa na mmoja, na njia ya huyo huzibwa na askari wake mwenyewe wa e5. Askari huyo naye huweza kuzuiwa asisonge mbele kwa kuweka kete katika e6. Kwa hiyo kanuni ya Mweusi ni moja: asikubali kubadilishana kete ovyo.

Nguvu ya ulinzi huu ilidhihirika mjini London mwaka 2000. Garry Kasparov, aliyeshikilia ubingwa wa dunia tangu 1985 na kusifika kwa mashambulio yake, alikabiliana na Vladimir Kramnik. Mara nne Kramnik aliifuata njia hiyo hadi malkia wakaondoka, na mara zote nne mchezo ulikwisha sare. Katika michezo 15 Kasparov hakushinda hata mmoja. Kramnik alishinda miwili, akautwaa ubingwa kwa pointi 8½ dhidi ya 6½.

Basi mwanafunzi na aelewe kwamba kujilinda si kukimbia. Ni kupima ni udhaifu upi unaovumilika, na kumnyima mshambuliaji ile zana anayoitegemea zaidi.