Mshahara wa Dada wa Kazi

Mama msomaji, naomba nikuulize jambo moja kabla hatujafika mbali. Mshahara wa msichana wako wa kazi wa mwezi uliopita uko wapi? Uko mkononi mwake, au umemwekea?

Neno hilo "nimemwekea" nililitumia mimi mwenyewe miezi mitano mfululizo, hapa hapa kwetu Segerea. Binti alitoka Singida, hana simu wala pa kuficha fedha, nikaona ni busara nimtunzie. Kila mwezi niliandika katika daftari. Nia ilikuwa njema. Ila mwezi wa tatu ikatangazwa sare ya akina mama kanisani, kitenge pamoja na ujira wa fundi, na baba watoto alikuwa bado hajalipwa. Nikachota kidogo. Mwezi uliofuata mtungi wa gesi ukaisha, nikachota tena, nikijiambia nitarudisha.

Juma moja katika jumuiya tulisoma Waraka wa Yakobo sura ya tano, pale anapowakemea matajiri waliozuia ujira wa wavunaji, hata kilio cha wavunaji hao kikamfikia Mungu. Niliombwa nifafanue. Nilifafanua vizuri sana, nikawataja wenye mashamba makubwa na viwanda. Nilikuwa nimevaa sare ile ile. Niliporudi nyumbani binti akanifuata jikoni, akapiga goti, akasema mama yake mzazi anaumwa na anaomba fedha zake zote.

Akina mama wenzangu, sikuwa nazo hata nusu.

Usiku ule nilisoma Kumbukumbu la Torati 24:14-15. Musa anaagiza kwamba kibarua maskini, awe ndugu au mgeni, alipwe siku ile ile kabla jua halijachwa. Sababu anayoitoa ndiyo iliyonichoma: mtu huyo ameuwekea ujira wake tumaini lote. Kwangu mimi zilikuwa fedha za mtungi wa gesi. Kwake zilikuwa dawa ya mama yake. Wala sikuona mahali Musa anapomruhusu mwajiri kumtunzia mtu ujira ambao mwenyewe hajaomba atunziwe.

Simama asubuhi na mapema kituo cha daladala cha Segerea Mwisho. Utawaona akina mama wakigombea kuwahi Kariakoo na maofisini, na nyuma yao nyumba nzima, watoto, jiko na funguo, vimeachwa mikononi mwa binti mmoja. Watoto wetu humwita dada. Lakini Jumapili sisi twaenda ibada ya kwanza, naye dada hubaki na masufuria, ingawa amri ya siku ya mapumziko katika Kutoka 20:10 inamtaja mtumishi wa kike waziwazi.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, inataka mfanyakazi apate saa 24 za kupumzika kila juma, na hairuhusu kukata mshahara hivi hivi kwa sababu sahani imevunjika. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri. Wengi wetu, tuseme kweli, tulikuwa hatuifahamu amri hiyo, au tuliifahamu tukanyamaza.

Najua yatakayosemwa: akishika fedha ataharibika, atatoroka. Huenda. Lakini fedha ni zake. Kama ana kitambulisho cha taifa, msaidie kusajili laini ya simu kwa jina lake, aziweke humo mwenyewe. Kama hana, naye akakuomba umtumie mzazi wake, tuma kiasi alichotaja, kisha mwonyeshe ujumbe wa muamala.

Tukirudi kwa binti yangu: kesho yake nilikopa kwa jirani. Mume wangu aliuliza kwa nini asiombwe kusubiri mwisho wa mwezi, ikanibidi nimweleze habari ya daftari yote, na ya kitenge. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaongeza nauli ya basi. Fedha zote zilikuwa mkononi mwa binti kabla ya magharibi. Deni la jirani nililipa kwa miezi miwili.

Alikaa kwao wiki tatu, akarudi. Sikutegemea angerudi.

Sasa kila tarehe 28 jioni namhesabia mezani, watoto wakiona, naye huzihesabu tena mbele yangu, noti moja moja. Mara ya kwanza alipofanya hivyo, nakiri, nilikwazika kidogo.