Laptopu kuukuu: soma kibandiko kwanza

Mpwa wangu anasoma Egerton, kule Njoro. HP EliteBook 840 G1 yake ilikuwa yawaka polepole hata chai inapoa. Tukashuka Nakuru mjini, nikanunua ramu bila kuuliza (ujuaji wangu huo). Kumbe ni DDR3 ya volti 1.5, mashine ile yataka DDR3L, volti 1.35. Ikagoma, na pesa sikurudishiwa.

Basi msomaji, fungua kifuniko, usome kibandiko cha ramu iliyomo: PC3L si PC3.

Na pesa zikitosha kimoja tu, anza na SSD ya inchi 2.5. Hadidiski ya kale ina sahani inayozunguka na mkono unaotafuta faili. SSD haina kinachozunguka. Ramu ifike GB 8 baadaye. Ila nakili kazi zako kwenye flashi kabla fundi hajashika bisibisi.