Kompyuta ikigeuka buluu Sotik: Isome kabla hujaifuta

Je, msomaji, umewahi kuinunulia familia yako kompyuta jijini Nairobi, ukaifunga vizuri katika katoni na kuituma kwa basi hadi Sotik, kisha baada ya wiki mbili ukapigiwa simu kwamba "imekufa"? Ukiuliza imekufaje, unaambiwa kuwa skrini hugeuka buluu ghafla, maandishi meupe ya Kiingereza yakatokea, halafu mashine ikajizima na kujiwasha upya. Mara ya kwanza watu hucheka. Mara ya tano hakuna anayecheka, hasa ikiwa mtoto wa Kidato cha Nne amepoteza kazi yake ya Somo la Kompyuta, au shangazi mwenye kibanda cha kupiga chapa amelazimika kuwarudisha wateja.

Hapo ndipo ushauri wa haraka hutolewa: "Ipelekeni kwa fundi, aipige Windows upya!" Fundi hulipwa, picha za arusi na barua za miaka mingi hufutika, na wiki inayofuata rangi ile ile ya buluu hurudi. Pesa zimekwenda, kumbukumbu za familia zimekwenda, na ugonjwa umebaki.

Ukweli ni kwamba skrini ya buluu si ugonjwa wenyewe bali ni dalili. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Anayejua kuyasoma mawingu hanyeshewi ovyo.

KWA NINI HUGEUKA BULUU

Windows ina kiini kinachosimamia diski, kumbukumbu na vifaa vyote vilivyounganishwa. Programu ya kawaida kama ile ya kuandikia barua ikikosea, Windows huifunga hiyo peke yake na kazi nyingine huendelea. Lakini kosa likitokea ndani ya kiini, Windows haiwezi tena kuiamini hesabu yake yenyewe. Ikiendelea, yaweza kuandika takataka juu ya faili zako. Kwa hivyo husimamisha kila kitu, huandika jina la kosa, na kuanza upya.

Mfikirie dereva wa matatu anayehisi breki zikilegea kwenye mteremko wa Mai Mahiu, akaegesha gari kando. Abiria hununa kwa kucheleweshwa, lakini aliyesimama amewaokoa.

Wala usidhani ni aibu ya mashine za mitumba pekee. Tarehe 20 Aprili 1998, mjini Chicago, Bill Gates mwenyewe alikuwa jukwaani akiionyesha dunia Windows 98. Msaidizi wake alipounganisha skana, skrini kubwa ikageuka buluu mbele ya umati.

Kisha tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ya Marekani ilituma sasisho lenye kasoro. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Safari za ndege zilivunjwa, na hospitali na benki katika nchi nyingi zikakwama. Zingatia jinsi nyingi ya mashine hizo zilivyoponywa: ziliwashwa katika hali ya usalama, faili moja tu ikafutwa, zikarudi kazini. Hazikuhitaji kufutwa zote na kuanza upya.

Na ikiwa kompyuta yako ya Windows 11 inaonyesha skrini nyeusi yenye jina la kosa, jua kwamba ni jambo lile lile. Microsoft ilibadilisha rangi hiyo mwaka wa 2025.

SOTIK INA MAMBO YAKE

Kompyuta iliyofanya kazi bila shida Luthuli Avenue yaweza kuanza vituko ikifika nchi ya majani chai. Sababu zipo.

Ya kwanza ni safari. Iwe katoni yako ilipitia Narok, Bomet na Kaplong, au Nakuru na Kericho, ilitikiswa kwa saa nyingi. Vibao vya kumbukumbu, ambavyo mafundi huviita RAM, huchomekwa tu katika nafasi zake, na mtikiso waweza kuvilegeza. Waya za diski nazo ni hivyo hivyo.

Ya pili ni umeme. Kompyuta hutegemea volti 240 zilizotulia. Nyumba iliyo mwisho wa laini, au inayotumia laini moja na kinu cha posho, huona taa zikififia na kung'aa. Umeme ukikatika wakati Windows inaandika kwenye diski, faili zake huweza kuharibika, na hapo skrini ya buluu huanza. Hata miji mikubwa haijasalimika: mnamo 25 Agosti 2023 na tena 10 Desemba 2023, giza lilitanda karibu nchi nzima. Kumbuka pia kwamba hatari haiko katika kukatika pekee. Dakika umeme unaporudi, huweza kuja kwa kishindo.

Ya tatu ni radi. Wakulima wa Kericho na Bomet wanajua vizuri mvua za alasiri zinazokuja na ngurumo na mawe yanayoharibu chai. Ngurumo zikisikika, kuzima kompyuta hakutoshi. Ichomoe ukutani, pamoja na waya wa intaneti. Ekstensheni ya kawaida haikingi chochote.

Ya nne ni sisi wenyewe. Katika nyumba nyingi kompyuta hupewa heshima ya kuwekwa ndani ya kabati la sebuleni na kufunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Kitambaa ni kizuri, lakini kikiachwa juu ya mashine inayofanya kazi huziba matundu ya hewa. Ongeza vumbi la barabara za murram mwezi wa Januari na moshi wa kuni, na feni ndani huvaa koti la uchafu. Joto likizidi, kompyuta huchanganyikiwa.

HATUA ZA KUFUATA

Kabla ya kumwita mtu yeyote, fuata utaratibu huu. Badilisha jambo moja tu kwa wakati, kisha tumia mashine siku mbili au tatu. Ukibadilisha matano kwa pamoja, hutajua ni lipi lililoponya.

1. Okoa kazi. Saa ile kompyuta inapokubali kuwaka, nakili masomo, picha na hesabu za biashara kwenye flashi au diski ya nje. Mengine yote yanaweza kungoja.

2. Piga picha ya skrini kwa simu. Jina la kosa huandikwa kwa herufi kubwa, na mara nyingine hufuatwa na jina la faili linaloishia na .sys. Hayo mawili ndiyo ushahidi wako.

3. Weka daftari. Andika tarehe, saa, kazi iliyokuwa ikifanywa, hali ya umeme na hali ya anga. Kosa likitokea kila taa zinapofifia, mtuhumiwa ni umeme. Likitokea baada ya saa mbili za kazi, shuku joto. Likitokea printa inapounganishwa, shuku printa au programu yake.

4. Chomoa vya ziada. Bakisha kibodi, kipanya na skrini pekee. Tulia uone.

5. Safisha. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kasha na ushike chuma chake kwanza ili kuondoa umemetuli mwilini. Pangusa vumbi kwa brashi laini. Toa vibao vya RAM na uvirudishe hadi vishikwe na vibanio vyake. Kama viko viwili, jaribu kimoja kimoja. Lakini kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme usikifungue kamwe, kwani huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa.

6. Pima kumbukumbu. Andika mdsched kwenye nafasi ya kutafutia ya Windows, ukubali kuanza upya, na uache kipimo kimalizike. Kikiripoti kosa, kibao kimoja ni kibovu na dawa ni kukibadilisha.

7. Pima diski na faili za Windows. Fungua dirisha la amri kwa idhini ya msimamizi, andika chkdsk C: /f na uanze upya mashine. Baadaye andika sfc /scannow. Usifanye haya kabla ya hatua ya kwanza, kwa sababu diski iliyo mahututi huweza kufa ikipewa kazi nzito.

8. Kumbuka kilichobadilika. Kama tatizo lilianza baada ya sasisho au draiva mpya, yaani programu inayoendesha kifaa fulani, iondoe na urudishe ya zamani. Windows 10 na 11 zikishindwa kuwaka mara mbili au tatu mfululizo, huleta zenyewe orodha ya njia za kujitibu, ikiwemo kuondoa sasisho la mwisho na kuwasha katika hali ya usalama.

MAJINA YANASEMA NINI

Ukiona MEMORY_MANAGEMENT, anza na RAM. KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR hukuelekeza kwenye diski au waya wake. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni malalamiko ya kifaa chenyewe: tazama joto na umeme. IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL aghalabu ni draiva.

Lipo moja linalosumbua sana mashine kuukuu: INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, maana yake Windows haiioni diski yake. Kabla hujalia, tazama saa ya kompyuta. Je, imerudi nyuma miaka mingi? Basi betri ndogo ya duara iliyo ndani, aina ya CR2032, imekwisha. Nyumba inayochomoa mashine kila usiku kwa kuogopa radi huigundua betri hiyo mapema, maana ikifa, mashine husahau mipangilio yake ya msingi, na huenda ikasahau hata namna ya kuzungumza na diski. Fundi akiweka betri mpya na kurudisha mpangilio wa awali, kila kitu huwa pale pale ulipokiacha. Hebu fikiria ni familia ngapi zimefutiwa picha zao kwa sababu ya betri ndogo kama kifungo cha koti!

Kanuni nyingine ya kukumbuka: jina moja likijirudia kila mara, mara nyingi ni draiva au programu fulani. Majina yakibadilika badilika, shuku RAM au umeme. Na mashine ikizimika giza bila maandishi yoyote, hilo si kosa la Windows. Tafuta kwenye umeme au joto.

UKIFIKA KWA FUNDI

Si vibaya kumwendea fundi. Vibaya ni kwenda mikono mitupu. Mwonyeshe picha na daftari, kisha muulize maswali matatu: Umepima RAM na diski? Umeona kosa gani hasa? Utazihifadhi wapi faili zangu kabla hujagusa chochote? Hata kompyuta isipowaka kabisa, mara nyingi diski yake huweza kuunganishwa na mashine nyingine na faili zikanakiliwa. Fundi mwema atayafurahia maswali hayo. Anayeyakasirikia, mwage kwa heshima.

Kufuta na kuweka Windows upya kuna wakati wake, yaani baada ya vifaa kupimwa na kuonekana vizima. Kama mashine bado inatumia Windows 10, ujue kwamba Microsoft ilikoma kuipa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na nyingi za mitumba hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Uliza jambo hilo kabla ya kununua.

Nunua pia kifaa cha betri kiitwacho UPS. Hakitakuwezesha kufanya kazi usiku kucha, lakini kitampa mwanao dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu umeme unapokatika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Msomaji, yamkini Jumapili hii utawapigia simu jamaa wa nyumbani. Ukimaliza kuuliza habari za mvua, ng'ombe na bonasi ya chai, waulize pia kama kile kitambaa bado kiko juu ya kompyuta. Waambie wakitoe, wanakili kazi ya mtoto kwenye flashi leo hii, na skrini ikigeuka buluu tena, wachukue simu na kupiga picha kabla ya kumwita mtu yeyote.