Fahamu: Kirusi kimeondoka kwenye kompyuta, akaunti zako je?

Mei 2025 Microsoft ilitangaza kwamba ndani ya miezi miwili tu, kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows duniani zilikutwa na Lumma, programu ya kuiba taarifa. Mitambo yake ilivurugwa kwa ushirikiano na Wizara ya Sheria ya Marekani na Europol. Waliosafisha kompyuta zao, je, wamepona?

Si lazima. Lumma haina kelele. Inakomba nywila na vidakuzi vilivyohifadhiwa kwenye kivinjari na kuvituma kwa wezi. Kuifuta baadaye ni kumfukuza mwizi aliyekwisha kuchonga nakala ya funguo.

Vidakuzi ndivyo vinavyosahaulika. Kidakuzi ni kama tiketi inayoiambia tovuti kwamba ulishaingia. Anayeishika anaweza kupita bila kuulizwa nywila, wala zile namba za SMS tunazoziamini mno. Kwa hiyo ukibadilisha nywila, toka pia kwenye vifaa vyote. Mipangilio ya akaunti nyingi ina nafasi hiyo.

Anza na barua pepe, kwani ndiyo inayorejesha nyingine zote, na tumia kifaa ambacho hakikuambukizwa. Kagua kama barua zako zinapelekwa kwingine kimyakimya, au kama kuna namba ya simu ngeni ya kurejesha akaunti. Kisha benki, halafu mitandao ya kijamii. Kila akaunti na nywila yake, tafadhali. Jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa viache.

Na kama kivinjari kilihifadhi kadi ya benki, pigia benki leo uifunge.