Falsafa Ianze na Hoja, Si Orodha ya Majina

Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza hukutana na falsafa kama msururu wa majina: Thales, Socrates, Plato, Aristotle, kisha Descartes na Kant. Hukariri nani alitangulia na nani alisema nini, hufaulu mtihani, na muhula unaofuata wameshasahau. Hapo wamesoma historia ya wanafalsafa. Falsafa yenyewe, yaani kazi ya kupima kama tunayoyaamini yana sababu za kutosha, bado hawajaigusa.

Njia iliyo bora ni kuanza na hoja moja na kuichambua hadi mwisho. Mfano mzuri tunao hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1945 Placide Tempels, mmisionari Mbelgiji aliyefanya kazi Kongo, alichapisha kitabu kuhusu falsafa ya Kibantu. Humo fikra zilielezwa kama mali ya jamii nzima, kana kwamba watu wote wana wazo moja. Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi hakuridhika na mtazamo wa namna hiyo. Kuanzia miaka ya 1970 aliwafuata wazee wa Kenya na kuwahoji. Alitaka kujua watu wao wanasema nini juu ya jambo fulani, kisha akawabana: wewe mwenyewe unasemaje, na kwa nini? Wengi waliishia kwenye mapokeo. Wachache waliyahoji mapokeo hayo kwa akili zao, na hao ndio aliowaita wanafalsafa.

Mmoja wao alikuwa Mzee Paul Mbuya Akoko, Mluo. Alisema watu wake walikosea kudhani kwamba Mungu wao ni tofauti na Mungu wa Wazungu. Sababu yake ni hii: kungekuwa na miungu wengi wenye uwezo sawa, wangegombana na maumbile yangevurugika. Lakini maumbile yana utaratibu. Mbwa huzaa mbwa, hazai paka. Kwa hiyo Mungu ni mmoja.

Mwanafunzi aipange hoja hiyo kwa mistari mitatu. Kwanza, miungu wakiwa wengi, maumbile yatavurugika. Pili, maumbile hayakuvurugika. Tatu, basi miungu si wengi. Kimantiki mpangilio huu ni imara: ukikubali mistari miwili ya kwanza, huwezi kuukataa wa tatu.

Sasa aupime kila mstari. Je, ni lazima wenye nguvu sawa wagombane? Hawawezi kukubaliana? Halafu aangalie kilichothibitishwa hasa. Kusema miungu si wengi hakujaonyesha kwamba yuko mmoja. Hatua hiyo inahitaji hoja nyingine. Mwanafunzi akiliona pengo hilo mwenyewe, amefanya falsafa siku yake ya kwanza.

Mwanafunzi Mwislamu huenda akaitambua hoja hii, kwani inafanana na ile ya aya ya 22 ya Sura Al-Anbiyaa, ambayo wanatheolojia wa Kiislamu waliijadili kwa karne nyingi. Kuichambua si kuikana imani. Wanazuoni hao walikuwa waumini, na waliichambua kwa kina kwa sababu waliiheshimu.

Kuna tabia mbili za kukemewa mapema darasani. Ya kwanza ni kumpima msemaji badala ya hoja: huyu hakusoma, yule ni Mzungu, huyu ni mzee wa zamani. Ya pili ni kukimbilia kusema kwamba kila mtu ana maoni yake. Kuwa na maoni ni haki ya kila mtu, lakini maoni yenye sababu nzuri na yasiyo na sababu hayalingani, na chuo kikuu ndipo mahali pa kujifunza kuyatofautisha.

Plato na Kant watasomwa, na wanastahili kusomwa. Mwanafunzi atakayewafikia akiwa tayari anajua kuichambua hoja atawasoma kama watu wa kujibizana nao. Walimu wenzangu, tengeni mhadhara wa kwanza kwa hoja moja tu. Nanyi wanafunzi, kila mnapoambiwa jambo, hata na sisi walimu wenu, ulizeni sababu yake, kisha muipime.