Fundi wa lenzi: Kazi ya milimita inayookoa kipato

MKULIMA akivuka miaka 40 huanza kusogeza kopo la dawa mbali na macho ili asome vipimo. Fundi cherehani hushindwa kutunga uzi kwenye sindano. Mwenye duka naye hukosea tarakimu anapotuma fedha kwa simu.

Tatizo hilo huja na umri, na tiba yake ni miwani. Lakini nyuma ya miwani yuko mtu ambaye wateja hawamwoni: fundi wa lenzi.

Kazi yake huanza na cheti cha mpima macho. Lenzi nyingi siku hizi ni za plastiki, na hufika karakana upande wa mbele ukiwa tayari. Fundi husaga upande wa nyuma hadi upate nguvu iliyoandikwa, akaulainisha na kuung'arisha. Mwisho hukata ukingo ufuate umbo la fremu.

Mwenye mtaji mdogo hununua lenzi zilizokwisha kusagwa pande zote, akabaki na kazi ya kukata na kufunga.

Kwa vyovyote vile, faida hulindwa na vipimo. Kitovu cha lenzi sharti kikae mbele ya mboni. Kikienda kando, mteja huweza kuumwa kichwa. Lenzi ya kurekebisha jicho lenye mbonyeo usio sawa ikikosea mhimili kwa nyuzi 30, faida yote ya marekebisho hayo hupotea.

Lenzi iliyokatwa vibaya hairudi kwa aliyeiuza. Hasara ni ya karakana. Ndiyo maana fundi makini huipima kwanza kwa lensomita, akaweka alama, kisha akakata.

Je, soko lipo? Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa wachuma chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi, walipopewa miwani ya kuonea karibu waliongeza uchumaji kwa takriban asilimia 22 kuliko wenzao wasiopewa. Mwingine wa Bangladesh, wa mwaka 2024, uliwakuta waliopewa miwani wakipata kama dola 47 kwa mwezi baada ya miezi minane, wenzao wakibaki na 35.

Kijana anayetaka kazi hii aanze kwa kujifunza kukata na kufunga chini ya fundi mzoefu, na kazi ya kupima macho awaachie waliosomea. Mkulima naye, akilipia miwani, aombe lenzi zipimwe mbele yake na kulinganishwa na cheti.